Jamu ya vitani: kina mama wa Kent na bibi yangu wa Murang'a

Ukihamia kijijini Uingereza, hautapita muda kabla hujasikia habari za WI. Kirefu chake ni Women's Institute, chama cha kina mama kilichoanzia Stoney Creek, Kanada, mwaka 1897, kikaingia Wales mwaka 1915 wakati Vita vya Kwanza vimepamba moto. Hapa Kent ninapoishi tunakutana katika ukumbi wa kijiji jioni moja kila mwezi. Ukituona na chai, keki na nyuzi za kufuma, utadhani ni baraza tu la wastaafu. Nataka niwasimulie walichofanya mama zao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1939 na 1945, kwa sababu hata wenyeji huitaja jamu yao kwa tabasamu kisha wanapita.

Wakati ule chakula kingi cha Uingereza kilitoka ng'ambo kwa meli, na meli zilikuwa zinazamishwa na nyambizi za Wajerumani. Januari 1940 mgao ukaanza, na sukari ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kupimwa. Huku mashambani plamu na tufaha zilikuwa zinaoza chini ya miti, kwa kuwa hakuna sukari ya kuzihifadhia. Viongozi wa WI wakaenda serikalini kuomba sukari, wakapewa kwa masharti. Matunda yawe yale ya ziada, hesabu ya kila kilo iandikwe, na jamu ipelekwe madukani. Aliyeshinda siku nzima juu ya moto hakuwa na haki ya chupa hata moja. Jamu nayo ilipoingia kwenye mgao mwaka 1941, alipanga foleni na kadi yake kama jirani yake.

Chamani kwetu kuna bibi wa miaka tisini na ushee ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wapishi wa jamu hiyo. Alinionyesha walivyokuwa wakipima. Unaweka kisahani mahali pa baridi, unadondoshea tone la jamu, unasubiri kidogo, kisha unalisukuma kwa ncha ya kidole. Likifanya mikunjo juu kama utando wa maziwa, jamu imeiva. Likitiririka, rudisha sufuria motoni. Chupa zinachemshwa kwanza, jamu inamiminwa ingali moto, juu inafunikwa kwa karatasi ya nta iliyokatwa duara. Chupa moja ikiota ukungu, sukari ya watu imepotea. Watoto, anasema, walikuwa wanazunguka mlangoni kwa ile harufu, na hawakuonjeshwa.

Kati ya 1940 na 1945 kina mama hao walihifadhi zaidi ya tani 5,300 za matunda, wakiwa jikoni kwao, kumbini na kwenye mabanda. Marekani ilituma mashine za mkono za kufunga makopo. Pale Hawkinge, hapa hapa Kent, kando ya uwanja wa ndege za kivita, wanachama wengi walikuwa wamehamishwa, na wachache waliobaki wakaendelea kupika huku ndege zikipigana juu yao. Wengine walichuma matunda ya waridi mwitu ili yatengenezwe sharubati ya vitamini C ya watoto, maana machungwa yalikuwa yameadimika.

Ila kinachonigusa mimi zaidi ni habari ya watoto. Septemba 1939, kwa siku tatu hivi, watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule, waliondolewa mijini kwa hofu ya mabomu. Waliowapokea na kuwapangia nyumba vijijini, mara nyingi walikuwa hawa hawa kina mama. Wakakuta watoto wenye chawa, wasio na viatu vya maana, waliozoea mkate na chai tu. Wapo walionung'unika, na baadhi ya maneno yao kuhusu maskini wa mjini yanauma kuyasoma. Hata hivyo chama kiliuliza matawi yake, kikakusanya majibu, kikachapisha ripoti mwaka 1940. Shida iliyokuwa imefichwa kwenye vichochoro vya London na Liverpool ikawa mezani kwa serikali. Mwaka 1945 sheria ya posho za familia ikapita. Ile posho ya watoto ambayo wengi wetu tulio huku tunaipokea leo, chimbuko lake ni sheria hiyo, na ripoti ya kina mama wale ilikuwa miongoni mwa sauti zilizoidai.

Na walikuwa wakiamua wenyewe. Ndani ya WI walikuwamo wanawake wa dhehebu la Quaker, lile tunalolijua kutoka Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambao imani yao inakataa vita. Kwa ajili yao chama kilishika kazi ya chakula na watoto, na aliyetaka kazi nyingine ya vita akaenda kwa jina lake mwenyewe. Mwenyekiti wao, Lady Denman, ndiye aliyeongoza jeshi la wasichana wa mashambani, lakini hilo lilikuwa jeshi la serikali.

Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi yangu. Maendeleo ya Wanawake, chama cha kina mama cha kwetu, ilianzishwa Kenya mwaka 1952, mwaka ule ule Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, na ilianza chini ya idara ya serikali ya kikoloni. Kushona, kupika, usafi wa mtoto: mafunzo yalifanana sana na ya WI. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja wakasukumwa gichagi, vijiji vyenye handaki na ulinzi wa kamatimu, yaani askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali. Vikundi vya Maendeleo viligawa maziwa na uji kwa watoto wenye njaa, na sehemu nyingi waliojiunga waliondolewa kazi za lazima. Bibi hakujiunga. Alichimba handaki, mtoto mgongoni.

Siwezi kuwalaumu waliojiunga, maana mama mwenye mtoto mwenye njaa hana pa kuchagua. Lakini nasikitika kwamba jamu ya Kent imehesabiwa kilo kwa kilo, na uji wa gichagi tunausikia kwa wazee tu. Kama nyumbani kwenu Nyeri, Kiambu, Embu au Murang'a yuko mzee aliyekuwapo, nendeni mkae naye. Muulizeni nani alikuwa anagawa maziwa, yalitoka wapi, nani aliandikishwa na nani alikataa. Rekodini kwa simu, mwandike na jina la kijiji.