Uvimbe wa Mama Mdogo

Mama mdogo alivuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema kuja Mwanza akiwa na tumbo zito la chini na haja ndogo isiyomwacha atulie. Hedhi yake ilikwisha kukoma miaka mingi iliyopita. Majirani walimfariji kwamba ni fibroidi tu, yaani uvimbe wa misuli ya kizazi usio saratani, na kwamba zitanywea zenyewe. Ni kweli kwamba fibroidi kwa kawaida hunywea hedhi ikikoma, kwa kuwa homoni zinazozikuza hupungua. Lakini kwa sababu hiyohiyo, uvimbe unaoendelea kukua katika umri huo hauna budi kuchunguzwa kwa makini, maana huenda ukawa saratani ya misuli ya kizazi, ijapokuwa ni nadra. Daktari alitueleza hayo bila kuficha na bila kututisha, nami namshukuru sana.

Kwenye ultrasaundi uvimbe ulionekana mweupe kupita fibroidi za kawaida. Picha ya CT ikaonyesha kwamba una mafuta ndani yake na kwamba umeota kwenye kizazi, si kwenye ovari. Asiye na dalili angeweza kufuatiliwa tu bila upasuaji, ila kibofu cha mama mdogo kilikuwa kimebanwa mno, akakubali kuondolewa kizazi. “Mwanangu, kilishanipa watoto, nakishukuru,” aliniambia.

Niliuona uvimbe huo katika ndoo ndogo ya plastiki yenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, jina la mama mdogo limebandikwa ubavuni: ulipokatwa ulikuwa laini na wa manjano, ilhali fibroidi nyingi huwa ngumu na nyeupe. Muuguzi alisisitiza ndoo ifike maabara siku hiyohiyo.

Nasikitika kwamba zipo familia zinazobana matumizi kwenye kipimo hicho cha maabara, zikiamini kuwa kilichotolewa kimekwisha. Picha hukisia, darubini ndiyo huthibitisha. Upo hata uvimbe usio saratani ambao huingia ndani ya mishipa ya vena na kupanda hadi kwenye moyo, na mgonjwa wake huhitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu baada ya upasuaji. Atajuaje, kama kinyama chake hakikupimwa?

Majibu yetu yamesomeka lipoleiomayoma, yaani misuli laini iliyochanganyika na mafuta, bila dalili yoyote ya saratani. Mama mdogo hahitaji mionzi wala dawa za saratani. Atarudi kliniki kukaguliwa kidonda, kisha avuke kwenda kwake Sengerema.