Mvinje wa Mtopanga

Mwezi wa mlisho mwaka 2009 harusi zilibanana, kila mtu akitaka kuoza kabla ya mfungo. Ami yangu aliyekuwa akiuza kuni Kisauni, Mombasa, alikwenda msibani Malindi, akaniachia kazi moja tu: mkokoteni mmoja wa kuni kwa mpishi wa pilau Majengo, Alhamisi kabla ya magharibi.

Kuni zenyewe zilikuwa mvinje ulioangushwa na kusi huko Mtopanga. Mpishi yule hakutaka mwembe, moshi wake humliza. Hakutaka mnazi, huwaka ukafa. Yeye alitaka makaa ya kupalia, na mvinje ukishika moto haukuangushi. Ndio mti uliopandwa kwenye machimbo ya Bamburi tangu 1971, mti usiojali chumvi wala mawe. Ugumu wake basi usiuulize.

Ami alikuwa na mashoka mawili, jembamba la kukatia na nene la kuchanjia, tupa, na kabari tatu za chuma. Mimi niliona uzee huo. Nikakodi pawasoo, msumeno wa injini, kwa shilingi 1,500.

Nusu saa ya kwanza nilijiona mfalme. Gogo linakatika kama muhogo! Kisha mafuta yakaisha. Nikanunua lita moja ya petroli kituoni, nikaimimina vivyo hivyo. Kumbe mashine ile oili ya injini yake huchanganywa ndani ya petroli. Mlio ukawa mkavu, mashine ikazima, na kamba haikuvutika tena. Mwenyewe alipokuja alinusa tangi, akanitazama.

"Umeninokishia mashine, kijana."

Saa tisa alasiri. Vipande vimekatwa, lakini vizima kama mapipa, hakuna hata kimoja kilichochanjwa. Nikashika shoka lililokuwa karibu, lile jembamba, nikapiga katikati. Likazama, likang'ang'ania. Nikalivuta kwa hasira, mpini ukavunjika.

Hamali wa mkokoteni, mzee aliyekuwa amekaa akitafuna muhogo wake wa kuchoma, aliinuka bila kuombwa. Akachukua shoka nene. Akakizunguka kipande kwanza, akitafuta ufa. "Usikipige kifuani. Mmegee pembeni, mfuate anakotaka kwenda mwenyewe." Penye kifundo alitia kabari, akagonga kwa kisogo cha nyundo kuukuu. Sijui mti ule ulimtii vipi; mimi nilikuwa nikipanga tu, viganja vimetoka malengelenge.

Tulivuka Daraja la Nyali taa zimewaka, mimi nikisukuma nyuma. Majengo tukafika watu wametoka kuswali isha. Mpishi alishika kuni moja, akaigonga kwa nyingine, ikalia vizuri.

"Kuni nzuri. Magharibi yako ndiyo mbovu," akasema, akapunguza shilingi 300.

Ami alirudi Jumamosi. Habari ya pawasoo ilikuwa imeshamfikia, na nilijua nitalipa pistoni kidogo kidogo hadi baada ya Idi. Nikangoja anifokee. Alikwenda moja kwa moja pembeni mwa banda, akaokota shoka jembamba.

"Mpini huu," akauliza, "nani aliyeuvunja?"