Uji wa Pilipili Manga

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukigawa nafasi za igizo la Krismasi katika Shule ya Jumapili, mvulana aliyepangiwa kuwa mwenye nyumba ya wageni, nafasi ambayo kila mwaka haipati mtu mpaka nibembeleze, aliinua mkono na kuniuliza: "Mwalimu, Maria alipomaliza kujifungua, nani alimpikia?" Wenzake walijibu kabla yangu. Mmoja alisema ni Yusufu, na wasichana wakaangua kicheko. Mwingine alisema kwamba wale wachungaji bila shaka walibeba maziwa, kwa kuwa hakuna mtu mwenye adabu anayekwenda kumwona mzazi mikono mitupu. Nilifungua Luka 2 na kupitisha kidole juu ya mistari niliyodhani kwamba nimeihifadhi. Maria anamzaa mwanawe, anamvika nguo za kitoto, anamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, na papo hapo mwandishi anamwacha na kukimbilia makondeni kwa wachungaji na malaika. Chakula hakitajwi hata kwa neno moja. Niliwaambia watoto tuendelee na mazoezi, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi Umoja, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya nne ya lile jengo letu la zamani, tarehe 24 Desemba 2020.

Mwaka ule wa korona sikwenda nyumbani Murang'a kwa Krismasi: sababu ni nyanya yangu, kisukari chake, na baba aliyepiga simu kutoa amri kwamba asionekane mtu wa kumletea mama yake ugonjwa kutoka Nairobi. Kafyu ilianza saa nne usiku na kumalizika saa kumi alfajiri, kwa hiyo hapakuwa na mkesha wa kweli. Kanisa letu lilisogeza ibada hadi saa kumi na moja jioni, likaandikisha majina mapema ili waumini wasizidi theluthi moja ya nafasi, na kuweka langoni ndoo za maji na sabuni pamoja na kijana wa kupima watu joto kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimepangiwa kusoma somo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo nikiwa na barakoa usoni, ili nijue sauti yangu itawafikia vipi watu wa nyuma, na nilikuwa nimefika mahali ambapo "Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu" ilitoka kinywani mwangu bila kukwama. Nilikuwa pia na rinda jipya la kitenge. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kubaki nyumbani.

Saa nane mchana nilikuwa nakanda unga. Chapati za Krismasi sina mzaha nazo, hata ninapokula peke yangu: unga wa ngano kilo mbili, maji ya vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta, na kukanda mpaka unga uache kushika kwenye beseni, kisha kuufunika na kuulaza kabla ya kukata madonge. Nilikusudia kuyaacha madonge yakipumzika wakati wa ibada na kuja kusukuma na kupika nikirudi, kuku akichemka kwenye jiko la makaa na chapati zikigeuzwa juu ya mtungi wangu mdogo wa gesi. Ndipo mlango ulipobishwa.

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, yule ambaye tangu Oktoba hatukuwa tukisalimiana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo kule juu ya paa. Sitaieleza vita ile. Aliyepanga katika majengo ya Umoja anaijua. Alikuwa amejifungua jana yake katika kliniki ndogo ya mtaani, kwa kuwa wauguzi wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu mapema mwezi ule, na asubuhi hiyo alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa Malaba akisubiri kuvuka mpaka. Mama yake alikuwa Mombasa, na tiketi za treni zilikuwa zimekwisha hadi baada ya sikukuu, nayo matatu ya viti 14 ilibeba abiria 8 tu, kwa hiyo nauli ilikuwa imepanda kiasi ambacho mjane anayeuza mahamri asingekimudu. Hayo yote niliyajua baadaye. Pale mlangoni hakueleza lolote. Alikuwa ameegemea fremu, khanga imefungwa kiunoni juu ya dera, na alininyooshea simu yake kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. "Mama anataka kuongea nawe," alisema.

"Shikamoo, mama," nilisema, unga ukiwa umenifika viwikoni.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule Mkristo wa mlango wa pili?"

Nilikiri kwamba ndiye mimi, nikijiuliza habari zangu zilifika Mombasa kwa sura gani.

"Basi nisikilize. Mwanangu hajatia kitu cha moto tumboni tangu jana. Amekunywa soda." Neno hilo la mwisho alilitamka kama mtu anayetaja sumu. "Nataka umpikie uji wa pilipili manga. Nitakuelekeza."

Nilimrudisha mzazi kitandani kwake, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa chumvi jikoni kwangu, nikaweka spika. Mama yule alikuwa mwezi uliotangulia ametuma sanduku kwa basi, na ndani yake mlikuwa na nazi, tende, na viungo vilivyofungwa kimoja kimoja katika vipande vya leso kuukuu. Mimi nilimwambia kwamba nilikuwa na pilipili manga yangu iliyosagwa tayari, ya dukani. "Hilo ni vumbi, mwanangu," alisema kwa upole. "Fungua fundo jekundu." Nilifungua fundo jekundu. Kinu sikuwa nacho, kwa hiyo nilizimwaga punje zile kwenye kibao cha chapati na kuziponda kwa kifimbo cha kusukumia, nusu yake zikirukia chini ya meza, na harufu yake ikanipanda puani mpaka nikapiga chafya mfululizo. "Umepiga chafya?" iliuliza sauti kutoka kwenye mkebe wa chumvi. "Basi hiyo ndiyo."

Akaniuliza nilikuwa na unga gani. Nikamwambia ni wa wimbi. Simu ilinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani kwamba mtandao umekatika. "Haya," alisema hatimaye, "na huo Mungu kaumba." Tui aliniambia niliache, maana alikwisha kunisikia ninavyohangaika na pilipili na hakutaka kuniongezea mtihani. Samli sikuwa nayo. Nilikuwa na siagi ya kupaka mkate. "Tia, lakini usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekuruhusu." Nilichemsha maji pamoja na pilipili, mdalasini na iliki, nikakoroga unga pembeni kwa maji baridi ili usifanye mabonge, nikaumimina polepole huku mwiko ukizunguka, naye akihesabu kimyakimya kule Mombasa, kwani kila nilipotaka kuuepua alisema bado, na kila aliposema bado nilitazama saa.

Saa ilikuwa kumi kasoro. Nilipaswa kuwa kituoni saa kumi na robo. Sitaipamba hali yangu ya wakati ule: nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia mwanamke aliyekuwa ameniangushia nguo zangu sakafuni mwezi wa kumi, nikaukasirikia uji usiotaka kuiva, na zaidi nilimkasirikia Mungu, kwa kuwa jengo lile lilikuwa na milango mingi na wengine nyuma yake walikuwa wakicheza karata. Nilikuwa nimefunga na kusali kwa ajili ya somo lile. Mungu hakusema neno. Mama wa Mombasa alisema, "Usiache kukoroga."

Nilipoukaza moto kwa mara ya mwisho aliniambia nimpelekee kwanza tende, ale huku uji ukipoa. "Bi Maryamu alipozaa peke yake chini ya mtende," alisema, "Mola alimlisha tende. Mzazi haachwi na njaa." Niliitikia tu, kama mtu anavyomwitikia mkubwa. Baadaye, kwa udadisi, niliitafuta Sura ya 19 ya Kurani na kuisoma kwa tafsiri: uchungu unampeleka kwenye shina la mtende, anatamani kwamba angalikufa kabla ya siku hiyo, kisha anaambiwa asihuzunike, kwamba chini yake kumewekwa kijito cha maji, na atikise lile shina, tende mbivu zimwangukie, ale na anywe. Yusufu hayumo. Nyumba ya wageni haimo. Maria niliyemjua mimi, yule wa Luka, amezungukwa na sensa, liwali, malaika na mifugo, na katika umati wote huo hakuna anayemuuliza kama amekula. Huyu mwingine hana mtu hata mmoja, lakini ameandikiwa mlo. Kama jibu hilo linaweza kutolewa katika Shule ya Jumapili ya kanisa letu, mbele ya wazazi ninaowafahamu, ni jambo ninaloendelea kulizungusha kichwani, na wiki ya pili ya Majilio, majuma yale ya kuingojea Krismasi, imekwisha kuingia.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro, mgongo ukutani, mtoto amelala pembeni yake akiwa amefungwa vizuri na uso umekunjamana. Alikula tende. Alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa bila kupumzika, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu, na nilipomjazia tena alinywa nusu, akakiweka chini na kusema, "Sukari imezidi." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu ndani ya chumba kile. Mama yake, ambaye bado alikuwa kwenye simu, alimkemea, kisha akaanza kumwombea mtoto kwa Kiarabu, sauti ikipanda na kushuka. Sikuelewa kitu. Alipomaliza niliitikia Amina, na mzazi akaitikia pia, na tukatazamana kidogo kwa aibu ya watu waliokutwa wakiimba wimbo mmoja bila kupatana.

Saa kumi na moja ilipita nikiwa naosha sufuria. Nilikuwa nimemwandikia kiongozi wetu wa vijana ujumbe wa mstari mmoja, naye alimpa dada mwingine somo langu. Nilikuja kusikia kwamba dada yule alimgeuza Kirenio kuwa Kirinyaga, kaunti ya huku kwetu Kenya, na kwamba hakuna aliyegundua isipokuwa wazee wawili wa kanisa ambao hawakuacha kulizungumza hadi Pasaka.

Siku ya pili chapati zangu zilikuwa na pilipili manga. Kifimbo nilikuwa nimekiosha, na kibao pia, lakini mti hunywa viungo, na kila chapati ilitoka na vidoadoa vyeusi na mwasho mdogo mwishoni mwa ulimi. Nilimpelekea mzazi sahani pamoja na mapaja ya kuku, akala zote.

Mchungaji wetu, niliposimulia mambo haya kwa mkato, aliniambia kwamba kumpikia mzazi ndiko kulikuwa ibada yenyewe. Ni maneno mazuri, na nimeyasikia yakirudiwa na watu ninaowaheshimu. Lakini mchungaji huyo huyo ndiye anayetuhubiria kila mwaka habari za Martha aliyehangaika jikoni na Maria ndugu yake aliyekaa kumsikiliza Yesu, akituonya tusiwe Martha, kisha anaingia ukumbini na kula chapati ambazo akina Martha wamezipika tangu alfajiri. Tena hakuwa jikoni nami. Hakuona nilivyoponda zile punje. Kama ibada ni moyo, basi moyo wangu siku ile ulikuwa kwenye kituo cha matatu, umevaa rinda la kitenge. Na kama ibada ni uji, basi nilikwenda kanisani vizuri sana. Sijaweza kuzipatanisha sentensi hizo mbili, na sina hakika kwamba ninalazimika.

Bibi wa Mombasa alifika kwa treni kabla ya mwaka mpya, akashuka Syokimau na furushi ambalo ndani yake, miongoni mwa vitu vingine, mlikuwa na kinu cha mti na mchi wake. Alikuja mlangoni kwangu kunishukuru kwa maneno marefu na mazuri, akaomba aonyeshwe kile kifimbo, akakipokea kwa mikono yote miwili, akakinusa, na kucheka mpaka akakaa chini. Nadhani nilimpenda zaidi ya nilivyompenda mtu yeyote mwaka ule. Bintiye alisimama nyuma yake na mtoto begani, akitazama kando.

Januari ilipoanza nilipanda juu ya paa na kukuta nguo zangu zimeondolewa kwenye kamba, zingali mbichi, ili nepi zipate nafasi. Safari hii hazikuwa sakafuni. Zilikuwa ndani ya beseni langu, zimekunjwa vibaya. Nilizichukua nikashuka nazo, na hatukusalimiana tena hadi Machi.