Ngoma, miyaa na mashairi: jinsi tulivyoanzisha darasa la wenye Parkinson Tanga

Kwangu ugonjwa ulianzia kwenye mwandiko. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nafundisha Kiswahili, na watoto wa viti vya nyuma wakaanza kulalamika kwamba hawaoni ninachoandika ubaoni. Mstari ulianza kwa herufi kubwa, ukifika katikati zimepungua, mwishoni zimebanana hata mimi mwenyewe nasogea kuzisoma. Kisha mkono wa kulia ukaacha kwenda mbele na nyuma nikitembea. Sauti ikashuka. Mwisho ndipo kikaja kidole gumba kutetemeka, tena mkono ukiwa umetulia mapajani, si wakati wa kazi.

Watu waliuona mtetemeko tu. Wengine wakasema ni shetani, wengine wakasema nimetupiwa kitu kwa sababu ya kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Aliniangalia nikitembea, akanigongesha vidole, akakunja na kukunjua kiwiko changu, akasema, "Mama, hii ni Parkinson."

Alinieleza kwa utulivu. Ubongoni kuna seli zinazotengeneza dopamini, na bila dopamini ya kutosha mwili hauwezi kuanza mwendo wala kuuendesha kwa mazoea. Seli hizo zinakufa polepole. Vidonge vya levodopa vinageuka dopamini kichwani na vinasaidia sana, ila haviuzuii ugonjwa kusonga mbele. Kisha kwenye karatasi ileile ya dawa akaandika: mazoezi, kila siku.

Nyumbani peke yangu mazoezi hayakudumu, na sasa najua kwa nini. Dopamini haiendeshi miguu tu, inaendesha na hamu ya mtu kuanza jambo. Parkinson inakuja na huzuni na uzito wa moyo ambao si uvivu. Mgonjwa anaijua kazi iliyo mbele yake, anaitaka, na hainuki. Familia nyingi hazijui hili, zinamgombeza mzee wao kutwa. Mtu wa namna hii anahitaji wenzake wanaomngojea mahali fulani saa fulani. Hayo ndiyo yaliyonifanya niache kujilazimisha chumbani nikaanza kutafuta watu.

Niliwapata kwenye benchi la kliniki. Fundi cherehani aliyeshindwa kutunga uzi. Mama muuza samaki ambaye wateja walimwona amenuna siku hizi, kumbe uso wake umekuwa mkavu kwa ugonjwa. Mzee mstaafu wa reli aliyekuja na mjukuu wake, mkono umefichwa kwenye mfuko wa kanzu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akinihudumia alipotuona tunazungumza, akatuambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kuwatafuta wenye Parkinson vijijini, na matokeo yao ya 2008 yakaonyesha zaidi ya robo tatu ya waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kuwa wana ugonjwa huo. Hukohuko Hai, katika utafiti uliochapishwa 2010, wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa walifunzwa kutembea kwa kufuata mdundo, na mwendo wao ukawa bora. Tena akasema Brooklyn, New York, kundi la dansi la Mark Morris linawafundisha dansi wenye Parkinson tangu 2001.

Mimi nilibaki na neno moja: mdundo. Mdundo Tanga haununuliwi. Tumezaliwa nao.

Mwalimu mkuu wa shule nilikostaafia aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilipomwomba darasa moja siku za Jumamosi, alinikatiza: "Shikamoo kwanza, Mwalimu. Darasa chukua." Tangazo likasomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na Jumapili kanisani. Tulisema wazi kwamba huu si uchawi wala hauambukizi, na kwamba mgonjwa aje na mtu wake wa kumsaidia. Walikuja wachache. Wengine walichungulia mlangoni wakaondoka, kwa sababu si rahisi kumwona mtu aliyekutangulia miaka mitano katika ugonjwa wako mwenyewe. Baadhi yao walirudi.

Tunaanza saa nne asubuhi, na saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kidonge cha levodopa huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo wengi wetu tunakimeza saa tatu kwa maji matupu. Vyakula vya protini nyingi, yaani samaki, nyama na maharage, hushindana na dawa njiani, na kwa mji unaokula samaki asubuhi hilo si jambo dogo. Muuza samaki alisogeza kitafunwa chake mbali na kidonge, na wiki hiyohiyo akaona tofauti. Kila mmoja ana ratiba yake aliyopewa na daktari. Sisi tumelipanga darasa liangukie wakati dawa imepanda.

Kwanza tunakaa. Viti ni vya mbao, vizito, vyenye egemeo, kwa sababu vya plastiki vinateleza mtu akivishikilia. Ndala zinavuliwa mlangoni maana zinanasa. Tunanyoosha mikono mpaka dari tuione, tunafungua viganja kwa nguvu, tunageuza kiwiliwili kushoto na kulia. Neno letu ni "kubwa zaidi". Parkinson inaufanya kila mwendo kuwa mdogo bila mwenyewe kujua: hatua, mwandiko, sauti. Mkono ninaodhani nimeunyoosha wote, mwenzangu aliye mbele yangu anaona nimeufikisha nusu. Ndiyo maana tunakaa duara, tuonane.

Kisha kusimama na kukaa, bila kushika. Miguu inarudishwa nyuma chini ya kiti, pua inapita juu ya magoti, halafu juu. Anayesimama anatulia kidogo kabla ya kupiga hatua, kwani wengi wetu shinikizo la damu linashuka ghafla tukisimama na kichwa kinazunguka.

Hapo ndipo chapuo, ile ngoma ndogo, inaingia. Mpigaji ni kijana wa mtaani, si mgonjwa, na ilibidi ajifunze kutupigia sisi. Mdundo ukiwa wa haraka, hatua zinafupika na mtu anaanza kukimbilia mbele kwa vidole, karibu kuanguka. Ukiwa wa taratibu na mzito, miguu inarefuka. Mtaalamu alitueleza sababu: sehemu ya ubongo inayoendesha mwendo wa mazoea ndiyo iliyopungukiwa, lakini sauti inayoingia sikioni, au alama inayoonekana kwa jicho, inaupitisha mwendo kwa njia nyingine. Nikachukua chaki nikachora mistari sakafuni, upana wa hatua nzuri kati ya mmoja na mwingine. Mzee wa reli, ambaye miguu yake ilikuwa ikiganda kila anapofika mlangoni, aliivuka mistari yote hadi ukutani. Mjukuu wake alilia. Kwao sasa wamepaka rangi mistari kama hiyo kwenye mlango wa msala.

Huyu mzee ndiye aliyetukumbusha beni. Baba yake aliicheza, enzi za mafungu ya Marini na Arinoti kushindana mijini pwani yote, kwa gwaride na vishindo. Gwaride la beni linamfaa mgonjwa wa Parkinson kuliko zoezi lolote nililowahi kupewa: goti linapanda, mkono unakwenda mbele, kichwa kiko juu. Wanawake tukaleta lelemama, mstari mmoja, mikono ikienda taratibu na shingo ikifuata. Wapo waliouliza kama ni sawa wanaume na wanawake kucheza ngoma chumba kimoja. Tulikaa nao, tukakubaliana kupanga mistari miwili inayotazamana, na Ramadhani chapuo inakaa kando, tunatumia makofi na vibao. Kwa kufunga, tunamwambia kila mtu aongee na daktari wake mapema, maana levodopa haiachwi ghafla. Kuiacha ghafla ni hatari kubwa.

Wengi huanguka wanapogeuka. Kwa hiyo hatugeuki papo hapo. Tunazunguka kwa upinde mpana, hatua baada ya hatua, ngoma ikituhesabia. Wakishazoea tunaongeza jambo la pili, kwa sababu kutembea huku unazungumza ndiko kunakotuangusha mitaani. Muuza samaki anaongoza: kila hatua samaki mmoja. Changu! Tasi! Kolekole! Nguru! Chewa! Anayekosa samaki anasimama, anapumua, anaendelea. Nyuma ya kila wachezaji wawili kuna msaidizi mmoja, na hilo hatulilegezi hata siku wasaidizi wakiwa wachache. Siku hiyo nusu wanacheza, nusu wanakaa.

Baada ya ngoma ni sauti, na hapa mimi ndiye mwenye kazi. Tunaanza na irabu, kama darasa la kwanza, kila moja inavutwa mpaka pumzi iishe: aaa, eee. Halafu "Paukwa!" na wote "Pakawa!" kwa sauti ya kufika uwanjani. Watu wenye Parkinson hatusikii kwamba tunanong'ona. Tunadhani wengine wamekuwa viziwi. Kisha tunaghani mashairi. Sijaona kipimo cha pumzi kizuri kama shairi letu la mizani kumi na sita. Nane unatoa, unavuta pumzi, nane nyingine unatoa. Mwanzoni wengi hatukufika hata mizani sita. Mzee wa reli akatunga ubeti wake, na sasa tunaufungulia darasa:

Mguu ukigandama, nangoja ngoma kulia,
Mkono ukitetema, ukili naushikia,
Sauti ikinihama, shairi najighania,
Peke yangu nilikwama, kwa kundi ninatembea.

Ukili anaousema, yaani utepe wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, ni kazi yetu ya mwisho kila Jumamosi. Tunatandika mikeka chini kwa wanaoweza kuinuka, wengine wanabaki vitini, na miyaa, majani ya kusukia, iliyopakwa rangi inagawiwa. Mtetemeko wa Parkinson kwa wengi ni wa mkono uliopumzika. Mkono ukipewa kazi, unatulia. Nimeona mkono wa fundi cherehani ukitikisa paja zima, kisha ukashika miyaa minne ukanyamaza. Kasi haipo, na vidole vinachoka, lakini kusuka kunadai yaleyale tunayopoteza: kila kidole na zamu yake, vidole vya mikono miwili vikisaidiana, jicho likihesabu. Kila mmoja anasuka kipande chake, chembamba kinakaa na kinene. Tulipovishona pamoja tukapata mkeka mmoja mkubwa wenye mapana yasiyolingana, na huo ndio tunaoukalia. Fundi aliushona yeye, kwa sindano kubwa ya mikeka ambayo tundu lake analiona. Alikuwa hajashika sindano tangu afunge duka.

Lipo jambo la upupu ambalo lazima niliseme, kwa sababu linarudi kila mwezi. Mtu analeta unga wa mbegu za upupu, kaambiwa unatibu. Ni kweli mbegu zile zina levodopa ndani yake. Lakini kiasi chake hakijulikani kutoka mbegu hadi mbegu, na mtu anayemeza vidonge akiongeza upupu anaweza kupata kichefuchefu, kushuka shinikizo, hata kuona vitu visivyokuwepo. Tunamwambia akamwoneshe daktari ule unga kabla ya kuuonja. Hatumkaripii, kidonge kinapokosekana famasi, mtu anatafuta popote.

Sisemi darasa limemponya yeyote. Mimi mwenyewe leo nimezidiwa kuliko nilivyokuwa tulipoanza. Daktari ameniongezea dawa, na jioni mwili unanikaza. Ila nakwenda sokoni Mgandini kwa miguu yangu, muuza nazi ananisikia mara ya kwanza, na nina watu wa kunipigia simu Ijumaa usiku kuniuliza kama naja. Wanaotuuguza nao wamepata kona yao barazani wakati sisi tunacheza. Wanazungumza yao, na wake za wagonjwa wanasema hiyo ndiyo saa pekee ya wiki ambayo hakuna anayewaita.

Wapo ambao hawawezi tena kufika, hata kwa bajaji. Kwao tunakwenda wawili wawili Jumatano, tukiwa na chapuo iliyorekodiwa kwenye simu. Mgonjwa aliye kitandani anapiga mdundo kwa kiganja juu ya godoro, ananyoosha vidole vya miguu, anavuta irabu zake, na anayemuuguza anajifunza kumgeuza bila kumvuta mkono. Mpigaji wetu ameturekodia midundo mitatu: wa kutembea, wa kunyoosha viungo na wa kughani. Anayetaka tunamtumia kwenye simu, na tunarudi wiki inayofuata kuona kama mwendo wa ngoma unamfaa au upunguzwe.