Kiuno Changu Katika Daftari la Fundi Cherehani

Ushahidi wa kwanza kwamba nimepungua niliuona katika daftari la fundi wangu wa nguo hapa Wete, siku chache kabla ya Idi Kubwa. Fundi huyu, ambaye ni jirani yangu wa mtaa mmoja, humwekea kila mteja ukurasa wake na kuandika kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono. Ikija nguo mpya, huipitishia namba ya zamani mstari mmoja mwembamba na kuandika nyingine pembeni, kwa hivyo ile ya mwanzo bado husomeka. Alinizungushia futi kiunoni, akatazama daftari, akanizungushia tena.

"Shoga, hebu simama vizuri," aliniambia, "maana hapa nimeandika 42, na futi inanipa 40."

Hiyo 42 ilikuwa inchi za gauni la Idi Ndogo, alilonipimia mwishoni mwa Ramadhani. Baina ya vipimo hivyo viwili zilikuwa zimepita kama siku 70, na katika siku zote hizo mizani yangu ya nyumbani ilikuwa imenionesha upungufu wa kilo mbili tu, tena kwa kupanda na kushuka kulikonifanya mara tatu nitake kuacha kila kitu.

Mara iliyoniumiza zaidi ilikuwa asubuhi moja ya Mfunguo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani, baada ya harusi ya mpwa wangu, ambako nilikula pilau na kipande cha halua. Mizani ilionesha kilo moja na nusu zaidi ya siku iliyotangulia, nami nikaketi kitandani nikiamini kwamba kazi ya wiki nne imeharibika usiku mmoja. Laiti ningejua hesabu hii siku ile: kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takriban kalori 7,700, kwa hivyo ili niongeze kilo moja na nusu ya mafuta ingenibidi nile kalori zaidi ya 11,000 juu ya mahitaji yangu ya siku, na hakuna sinia la harusi linalomfikisha mtu huko kwa mlo mmoja. Nilichopima asubuhi ile kilikuwa chakula ambacho bado kimo tumboni, pamoja na maji. Chumvi huzuia maji mwilini, na sisi tunaopenda papa mkavu tunaila kwa wingi. Wanga wa wali na muhogo nao huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Kwa mwanamke, siku zinazokaribia hedhi nazo huweza kuongeza uzito wa maji, kisha ukaondoka wenyewe.

Watu wa Pemba tunalijua jambo hili kwa karafuu. Karafuu mbichi zikianikwa juani siku kadhaa hubaki na karibu theluthi moja ya uzito wake, na hakuna punje iliyopotea mkekani. Kilichoondoka ni maji. Ndiyo maana mchumaji hulipwa kwa pishi zikiwa mbichi, na mizani husubiri mpaka zikauke. Mtu anayeanza kujinyima wanga, akaona kilo tatu zimeondoka wiki ya kwanza, kwa sehemu kubwa amekauka kama karafuu, na atakaporudi kwenye muhogo wake kilo kadhaa zitarudi bila ya yeye kukosea lolote.

Mimi sikuanza safari hii kwa ajili ya kilo. Mama yangu aliishi na sukari kwa miaka mingi, na ninaiogopa kwa dhati. Mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yanayohusishwa zaidi na sukari na presha, na dalili yake iliyo karibu ni upana wa kiuno. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari huanza kuongezeka kwa mwanamke mwenye kiuno kinachozidi sentimita 80, na huongezeka sana kikizidi 88. Kwa mwanamume viwango ni 94 na 102.

Kipimo cha fundi hupita juu ya nguo, kwa hivyo nyumbani najipima mwenyewe na namba zake sizichanganyi na zangu. Najipima asubuhi ya Ijumaa, kila baada ya wiki mbili, kabla ya chai. Nasimama miguu ikiwa pamoja, natafuta kwa vidole mwisho wa mbavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha napitisha futi katikati ya sehemu hizo mbili juu ya ngozi, ikiwa sawa mbele na nyuma, bila ya kuikaza. Nasoma nikimaliza kutoa pumzi ya kawaida. Ukilivuta tumbo ndani unajidanganya, na ukipima leo juu ya kitovu na kesho chini yake, huwezi kulinganisha chochote.

Asiye na futi achukue kamba. Nilikata yangu sawa na kimo changu, nikaikunja mara mbili, kwa sababu ushauri wa kitabibu ni kwamba kiuno kisifikie nusu ya kimo. Nilipoizungusha mwanzoni, ncha zake hazikukutana: baina yake palibaki shibiri moja na vidole vitatu.

Kuna na vipimo visivyotaka chombo. Kanga ninayojifunga kila alfajiri ni ile ile ya mwaka jana. Zamani ncha yake ilikuwa ikiishia mbele ya tumbo, na sasa inapita mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Nikitoka bandarini kupanda mlima kuelekea sokoni na kikapu cha samaki, nilikuwa nikisimama mara mbili kuvuta pumzi, na tangu Mfunguo Nne sijasimama. Hili la mlima nalithamini kuliko namba zote, kwa kuwa ndilo linaloonesha kwamba miguu imepata nguvu. Kilo moja ya misuli huchukua nafasi ndogo kuliko kilo moja ya mafuta, na kwa hivyo mtu anayetembea milima kila siku anaweza kupungua kiuno huku mizani ikisimama pale pale. Wengine hujipiga picha kila mwezi, na naamini zinasaidia. Mimi sipendi picha za namna hiyo zikae kwenye simu, basi nimeacha.

Sisemi kwamba mizani haina kazi. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa na daktari ajipime kila siku, na ajipime, kwa sababu kwake maji yanayoongezeka ghafla ni hatari. Vivyo hivyo mjamzito na mtoto mchanga wapimwe kliniki. Na anayepungua bila ya kukusudia, huku ana kiu na anakwenda haja ndogo mara kwa mara, asifurahie kanga kulegea, aende akapimwe sukari.

Sasa tumo katika Mfunguo Sita, na juzi nilikwenda kupimwa gauni la Maulidi. Katika ukurasa wangu 40 imepitishiwa mstari na pembeni yake pameandikwa 37. Ijumaa iliyopita nilizungusha tena kamba yangu, na baina ya ncha zake palibaki vidole vinane.