Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Viyoyozi na Viota vya Novemba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baada ya adhana, sauti ya kwanza ninayoisikia hapa kwetu Segerea katika majuma haya ya vuli ni ya shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, aliyejenga kwenye mstafeli ulio nyuma ya jiko. Kiota chake ni kikombe chembamba cha vijiti na nyasi ambacho ukisimama chini yake unaona mwanga ukipenya. Mayai matatu yalitagwa humo, mawili yakaanguliwa, na leo makinda wametimiza siku kumi. Tangu tulipokigundua, taa ya uani haiwashwi alfajiri, na wanangu wanajua kwamba kamba ya kuanikia nguo inayopita chini ya lile tawi haitumiki mpaka nitakapowaruhusu. Hawajalalamika. Mdogo wao ndiye mlinzi wa paka wa jirani.

Ninaishi kwa kufunga na kutengeneza viyoyozi, na kazi hii imenifundisha habari za ndege kuliko nilivyotarajia. Joto la Dar es Salaam linapoanza kupanda mwezi wa Novemba, wateja hupiga simu kwa wingi. Na ni wakati huohuo ambapo mvua za vuli huleta wadudu, na wadudu huleta kuzaana kwa ndege. Mashine ya nje iliyotundikwa ukutani ghorofa ya tatu ina kivuli, ina joto kidogo, haifikiwi na paka, na nyuma yake mara nyingi kuna tundu ambalo fundi aliyepitisha mabomba hakuliziba. Kwa shomoro hiyo ni nyumba iliyokwisha kujengwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Upanga, kwa mwalimu mstaafu ambaye nimemhudumia kwa miaka kadhaa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Mashine inakwaruza, na humo ukutani kuna kitu kinalialia tangu kunapokucha. Jumamosi napokea wageni wa posa ya mjukuu wangu, kwa hiyo nataka tundu hilo lizibwe leo.”

Nilipanda ngazi, nikaizima mashine kwenye swichi kuu, kisha nikaingiza simu yangu tunduni nikiwa nimewasha kamera. Walikuwa wanne. Ngozi yao ilikuwa ya waridi iliyoanza kupata weusi mahali manyoya yatakapochomoza, macho yalikuwa yamefunguka kama mstari mwembamba tu, na kila kivuli cha simu kilipopita mbele yao walinyanyua shingo kwa pamoja wakapanua midomo yenye kingo za njano, wakidhani chakula kimefika. Kwa hali hiyo nilikadiria kwamba walikuwa na siku tano hivi. Kinda wa shomoro hukaa kiotani takribani siku kumi na nne hadi kumi na sita, maana yake walihitaji siku tisa hadi kumi na moja zaidi.

Nilishuka nikamwonyesha mwalimu picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Hakuniuliza kama wataumia nikiziba, kwa sababu jibu lilikuwa pale kwenye kioo cha simu. Aliuliza kama ninaweza kuwahamisha. Nilimweleza ninavyojua: ndege anayejenga tunduni amelizoea lile tundu, na ukiwapeleka wanawe kwenye sanduku upande mwingine wa jengo, ni mara chache atawafuata.

Ni lazima niseme kwa nini ninalishikilia jambo hili. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, nikiwa Kijitonyama, niliziba tundu kama hilo kwa simenti bila kuchungulia. Nilisikia sauti ndogo, nikajiambia kuwa ni bomba. Siku ya pili nilirudi kuchukua ngazi yangu, nikamkuta shomoro jike ameng’ang’ania simenti ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, mdomoni ana panzi wa kijani ambaye mguu wake mmoja ulikuwa bado unachezacheza. Aliruka hadi kwenye waya wa umeme, akarudi, akaruka, akarudi. Nilibomoa ile simenti kwa patasi, lakini nilikuwa nimechelewa. Tangu siku hiyo sijaziba tundu lolote kabla ya kuliangalia kwa macho yangu, na kijana ninayemfundisha kazi anajua kwamba kosa hilo sitalivumilia hata kama mteja ana haraka.

Kwa mwalimu tulifanya yafuatayo. Ukwaruzaji ulitokana na nyasi za kiota zilizoning’inia na kuvutwa hadi kwenye feni ya mashine ya nje. Hatari hapo ni mbili, kwanza feni yenyewe kukwama, na pili kinda kutoka tunduni na kukatwa na mapanga ya feni siku ya kwanza ya kujaribu mbawa. Nilizikata zile nyasi kwa mkasi, nikaacha kiini cha kiota, kisha nikafunga wavu wa chuma wenye matundu madogo kati ya tundu na feni, nikiacha njia ya kuingilia upande wa juu. Kwa ndani ya chumba tuliziba pengo la mabomba kwa kadibodi nene na utepe, ili vumbi na utitiri usiingie sebuleni, maana utitiri wa ndege humwasha binadamu vibaya sana, hasa makinda wanapoondoka na wadudu hao kubaki bila wa kumnyonya. Tulisafisha mashine ya ndani, tukapima gesi, tukawasha. Sebule ilipoa. Posa itafanyika, na shomoro watakuwepo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kungoja nako kuna mwisho wake. Shomoro hazai mara moja akatosheka. Makinda wa kwanza wakishatoka, wazazi wanaweza kutaga tena humohumo baada ya muda mfupi. Kwa hiyo tarehe ya kurudi ni muhimu kama huruma yenyewe. Leo ni tarehe 12, nami nimemwahidi mwalimu kwamba nitarudi tarehe 24, nichungulie kwanza, kisha niondoe kiota, nipulizie dawa ya utitiri na kuziba kwa simenti siku hiyohiyo.

Saa tano nilikuwa Mikocheni. Tetere alikuwa ametaga mayai mawili meupe juu ya mashine ya nje, kwenye vijiti vichache ambavyo sijui niviite kiota au bahati. Mashine ilikuwa nzima. Mteja alichotaka ni kuondolewa kinyesi kilichotapakaa kwenye baraza. Kinyesi kikavu cha ndege hakifagiliwi hivihivi, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vinavyodhuru mapafu. Tulivaa barakoa, tukakilowesha kwa maji yenye dawa, tukakikwangua kikiwa kimelainika, na chini ya mashine tukatandika turubai litakaloondolewa baadaye. Tetere aliyekuwa ameatamia hakunyanyuka muda wote huo. Jike na dume hupokezana, na kwa kawaida dume hushika zamu ya mchana, kwa hiyo huenda tuliyekuwa tukitazamana naye alikuwa baba.

Saa saba tulikula wali na maharage kwa mama ntilie, tukaondoka.

Saa nane ilitukuta juu ya paa la jengo la biashara Kariakoo, na hapo habari ilikuwa tofauti kabisa. Kunguru walikuwa wamejenga kwenye pembe ya mnara wa matangi ya maji, hatua chache kutoka kwenye mashine nne tulizopaswa kuzihudumia. Kabla kijana wangu hajafungua boksi la spana, kunguru wa kwanza alimpiga kisogoni. Hushambulia kwa nyuma, na makinda wanapokuwa kiotani huwa hawachoki. Tulivaa kofia ngumu, tukafanya kazi mmoja akifungua skrubu na mwingine akisimama kumkabili ndege uso kwa uso, kwa sababu kunguru anayetazamwa usoni husita. Kazi ya saa moja ilichukua saa mbili.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani yetu. Asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, kisha wakasambaa hadi bara. Wanakula mayai na makinda wa ndege wengine. Shore wangu wa Segerea huwaogopa wao kuliko paka. Serikali imewahi kuwapunguza kwa mitego na sumu maalumu, na kwa jambo hilo sina kinyongo nayo, kwani jiji lenye ndege wa aina moja tu ni jiji lililopungukiwa. Hata hivyo, mwenye jengo aliponiomba nikiangushe kiota kutoka juu ya mnara, nilikataa. Kupunguza kunguru ni kazi ya watu wenye ujuzi na kibali, na makinda waliorushwa kutoka ghorofa ya sita hadi kwenye barabara yenye watu hawampunguzii mtu chochote. Nilimshauri amwite mhusika wa serikali, na baada ya msimu kwisha akate vyuma vilivyochomoza ambavyo kunguru huvitumia kama msingi. Kiota chenyewe, nilipokikagua kwa mbali, kilikuwa kimesukwa kwa vijiti vichache na waya nyingi: waya za kufungia nondo, vibanio vya chuma, na kipande cha waya wa umeme mwekundu ambacho ninaamini kimetoka kwenye kazi ya fundi mwenzangu.

Saa kumi na robo, tukiwa tumekwama kwenye taa za Buguruni, simu iliita. Alikuwa mtoto wa jirani, ana miaka tisa.

“Baba mdogo, kinda ameanguka! Mama anataka kumpa maziwa.”

“Mwambie mama asubiri kwanza, mwanangu. Asimpe maziwa, wala mkate, wala asimtone maji mdomoni, yanaweza kuingia kwenye pumzi. Yuko wapi sasa?”

“Nimemfunika kwa kanga.”

“Vizuri. Ana manyoya?”

“Anayo, lakini mkia mfupi sana.”

“Mpe kidole chako. Anakishika?”

Kimya kidogo. “Anakishika, ila si kwa nguvu.”

Nilimwambia amweke kwenye boksi lenye kitambaa, amfunike, amweke kivulini mbali na paka, na asimfungue tena kumtazama mpaka nifike. Kinda mwenye manyoya anayeshika kidole kwa nguvu ni wa kuachwa tawini, kwa kuwa wazazi humlisha popote alipo. Huyu alikuwa ametoka siku moja au mbili kabla ya wakati, pengine upepo wa mchana ulimsukuma. Foleni ilisogea mita kumi. Sikumbuki kama nimewahi kuichukia taa nyekundu kama leo.

Saa kumi na moja na nusu jioni nilifika. Majirani walikuwa wamekusanyika, na bibi mmoja tunayemheshimu sana mtaani alisema hakuna haja ya kujisumbua, kwani ndege akinusa mkono wa mtu kwa mwanawe humtupa. Nilimwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba sivyo. Ndege hawa huwatambua wana wao kwa sauti na mahali walipo, na harufu ya mkono wetu haiwafanyi wawakane. Hakuafiki, lakini alibaki kutazama.

Sikumrudisha ndani ya kiota chenyewe, kwa sababu kwa umri ule ningeweza kumshtua nduguye naye akaruka. Nilichukua kikapu kidogo cha ukindu, nikaweka nyasi kavu, nikakifunga kwa kamba ya katani kwenye tawi la chini kidogo ya kiota, nikamweka humo. Tumbo lake lilikuwa na joto, na moyo ulikuwa ukipiga kwa kasi hadi nikausikia kwenye vidole. Kisha nikawaomba watu wote waingie ndani.

Tulichungulia dirishani, mimi, mtoto wa jirani na bibi. Dakika ishirini hazikuleta kitu. Kunguru alipita juu, akaendelea na safari yake. Jua lilikuwa linazama shore mmoja alipotua kwenye kamba ya nguo, mdomoni ana kiwavi, akalia mara mbili kwa ukali. Kikapuni kulijibiwa. Alitua kwenye ukingo wa ukindu, akainama, akainuka bila kiwavi.

“Kumbe,” akasema bibi.

Saa mbili usiku, baada ya chakula, nilifungua daftari la kazi. Chini ya Upanga niliandika: tarehe 24, kuchungulia kwanza, simenti, dawa ya utitiri. Chini ya Mikocheni: mwisho wa mwezi wa Desemba, turubai. Chini ya Kariakoo: vyuma vya mnara, baada ya msimu. Nje mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, nami nikatoka na kipande cha bati kukiezeka kikapu.