Kucheza ni kitu kimoja, kufundisha ni kingine: uzoefu wangu wa ukocha wa futiboli ya Australia

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotundika viatu ulikuwa huu: "Wewe ulicheza vizuri, simama mbele yao, wakuige." Ni ushauri wa ovyo, na bado watu wanaugawa bure kila msimu. Mchezaji mzuri mara nyingi hajui anachokifanya, mguu wake ndio unaojua. Mwulize mpigaji hodari mkono wake wa kushoto unakwenda wapi anapoachia mpira, atakukodolea macho.

Ukitaka ushahidi, angalia wakubwa. Michael Voss alikuwa nahodha wa Brisbane Lions waliobeba ubingwa wa AFL, ligi kuu ya mchezo huu, miaka mitatu mfululizo, 2001 hadi 2003. Klabu yake ikamkabidhi timu kuanzia msimu wa 2009 bila kumpitisha kwenye miaka ya usaidizi, na 2013 wakaachana. Akaenda Port Adelaide akawa msaidizi wa kocha mwingine miaka kadhaa, kisha Carlton ikamchukua kuwa kocha mkuu kuanzia 2022, na 2023 akaifikisha mechi ya mwisho kabla ya fainali. Sasa mweke kando ya Luke Beveridge: mechi 118 katika klabu tatu, wala hakuwa nyota wa mabango. Ukocha aliuanzia timu ya ridhaa, St Bede's Mentone, akaipa vikombe vitatu mfululizo, 2006 hadi 2008, kila mwaka akiwa daraja la juu zaidi. Akapitia usaidizi Collingwood na Hawthorn, na mwaka 2016 akawapa Western Bulldogs wa Footscray ubingwa walioukosa tangu 1954. Chris Fagan yeye hakuwahi kucheza AFL hata mechi moja, lakini ameipa Brisbane ubingwa wa 2024 na wa 2025. Kwa hiyo anayekuambia jina lako la uwanjani litakufundishia timu, mwitikie kwa heshima uendelee na kazi.

Mimi nilicheza ligi za vitongoji vya magharibi ya Melbourne, zile ambazo malipo ya mechi yanatosha petroli na chakula cha jioni, kisha nikashika timu ya watoto. Nusu yao nyumbani wanaongea Kiswahili cha Kongo au Kinyarwanda, na wote wamelelewa na soka. Hapo ndipo ushauri mbaya namba mbili ulipokuja: "Hao wanajua kupiga tayari, wapigishe mipira mia kila zoezi." Mipira mia ya makosa inazaa mtoto aliyekomaa kwenye makosa. Nilishuhudia kwa timu iliyofanya mazoezi nusu ya pili ya uwanja wetu: kufikia Juni watoto walipiga kwa nguvu zaidi na mpira ulipotea mbali zaidi.

Pigo lenyewe, lile la msingi, ni dropu panti. Mpira wetu ni wa umbo la yai, wenye ncha mbili. Unaachiwa ukiwa umesimama wima, mguu unaukuta karibu na ncha ya chini, nao unazunguka kinyumenyume angani. Mzunguko huo ndio unaounyoosha na kumrahisishia anayeudaka. Mtoto wa soka analeta kasoro tatu, tena zote kwa pamoja. Anaurusha mpira juu kama golikipa anayeanzisha. Anauzungushia mguu kutoka pembeni, ukatize mwili. Halafu anaegemea nyuma. Usihangaike na mguu kwanza, hata kama ndio unaokukera. Mpira ulioanguka vibaya hauna mguu wa kuuokoa.

Anza na mkono, bila pigo lolote. Nawapeleka kwenye sakafu ya zege mbele ya vyumba vya kubadilishia, maana nyasi zilizolowa haziurudishi mpira. Vidole vimetawanyika pande mbili za mpira, mpira uko usawa wa nyonga juu ya paja la mguu wa kupigia. Mkono wa pili unaachia kwanza. Mkono wa upande wa mguu wa kupigia unausindikiza mpira chini, unauachia karibu na goti badala ya kifuani. Ukitua kwa ncha, unarudi juu moja kwa moja kwenye mikono. Ukiruka kando, haukuanguka wima, na hakuna cha kubishana. Watoto wanapenda kwa sababu ni mashindano: nani ataurudisha mara nyingi bila kusogeza miguu. Mrefu wa nyonga kupita wenzake ashushe mkono zaidi. Njia ndefu ya kuanguka ni nafasi ya upepo kuuharibu.

Ndipo unakuja ujanja wangu, ambao najivunia bila aibu. Unga wa sembe. Namlowesha mtoto kiatu juu ya kamba, nampaka unga, nampa mpira mwekundu wa mechi za mchana (ule wa njano wa usiku hauonyeshi vizuri) na kumwambia apige taratibu kwa mwenzake aliye hatua kumi na tano. Mpokeaji anausoma. Alama nyeupe ikiwa karibu na ncha ya chini, safi. Ikiwa katikati ya tumbo, mpira ulikuwa umelala. Ikiwa ubavuni, ama mkono ulipinda ama mguu ulitoka pembeni, na kuzijua mbili hizo mtazame miguu baada ya pigo: aliyezungusha anamaliza akiwa amegeuka. Huyo nampangia mstari wa pembeni wa uwanja. Akimbie juu ya mstari, apige, na hatua inayofuata ikanyage mstari uleule. Kocha mmoja wa jirani alicheka nilipotoa mfuko wa unga kwenye buti la gari, na wiki kadhaa baadaye nikamkuta na chaki yake ya kusaga. Chaki inafaa pia, ila inatoka haraka. Hasara ya unga ni shakwe: wanashuka kundi zima, na ukiuacha mfuko wazi umeufadhili mchana wao.

Gharama si kubwa. Mpira wa ngozi wa mechi ni dola mia na ushee, wa sintetiki ni chini ya hapo sana, na kwa mazoezi ya zege chukua wa sintetiki kwani zege inachuna ngozi. Namba 5 ni ya wanaume wazima, namba 4 ndiyo ya AFLW, ligi ya wanawake. Watoto wapewe ndogo kuliko hizo. Baba anayemnunulia mwanawe namba 5 "akue nao" anamfundisha kuudondosha kwa mikono miwili.

Pasi ya ngumi haina siri nyingi. Kiganja kimoja ni meza, ngumi ya pili inagonga, gumba likae nje ya vidole. Meza isisogee. Ikisogea, mwamuzi anaona umerusha, na kurusha ni faulo.

Jambo linalonichefua ni la nafasi. Mtoto mweusi mrefu akifika, watu wazima watatu wanasema kwa pamoja awekwe raki, kugombea mpira wa katikati. Raki ni kuruka kwa wakati na kulinda goti lisigongane na la mpinzani, urefu peke yake hauchezi. Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma, Kenya, aliingia kikosi bora cha Australia cha 2021 akiwa beki wa Port Adelaide kwa sababu anausoma mpira kabla haujafika. Mimi namweka mtoto mgeni nyuma kwanza. Kutoka huko anauona uwanja wote mbele yake na mpira unamjia usoni.

Siku ya mechi, punguza mdomo. Wakati wa mapumziko mtoto aliyechoka anabeba jambo moja, labda na nusu. Jambo liwe la kufanyika: "Mpira ukiwa pembeni yetu, mmoja abaki katikati." Usimwambie "ongezeni juhudi", hajui aifanyeje. Kazi iliyonifundisha hilo ilikuwa ya mjumbe wa kocha, yule anayekimbia uwanjani na maagizo. Nilikuwa napewa aya nzima benchi, na kwa mchezaji anayehema yanaingia maneno matano. Uwanja ukiwa na maji, wakumbushe kwamba anayekimbia na mpira lazima audundishe kila mita 15, lakini anaruhusiwa kuugusisha chini badala yake.

Makaratasi ni madogo: kibali cha kufanya kazi na watoto, ambacho katika jimbo letu la Victoria ni bure kwa anayejitolea, na kozi ya awali ya ukocha kupitia CoachAFL, mpango wa AFL wa makocha. Sehemu ya kozi watu wanayoiruka ndiyo inayowaumbua, ile ya kugongwa kichwa. Mtoto akishukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka, harudi siku hiyo, na kwa mwongozo wa futiboli ya jamii haruhusiwi mechi kabla ya siku 21, tena kwa kibali cha daktari. Mzazi atakuambia kijana yuko sawa, na kijana atakuambia vilevile huku akiuliza matokeo mara ya tatu. Andika saa aliyogongwa kwenye ubao, palepale penye majina ya akiba, asije msaidizi wako akamrudisha ndani kwa kusahau.

Msimu wa vitongoji huanza Aprili, na klabu husaka makocha mapema, kabla Krismasi haijafika. Ukienda kuomba, usianze na timu yako. Omba usaidizi, au ujumbe kama nilioufanya mimi. Chupa za maji pia zinakufikisha katikati ya uwanja.